Fremu ya Pande Tatu

Celestina alikuwa amebakiza kazi moja tu ili afunge duka, na kazi hiyo ndiyo aliyokuwa akiikwepa tangu asubuhi. Picha ya mumewe ilikuwa wazi kwenye kompyuta, ikingoja izungushiwe ukingo mweusi.

Nje, Kirumba ilikuwa katika saa yake ya makelele. Mikokoteni ya dagaa ilikuwa inapanda kutoka Mwaloni, soko la ufukweni mwa ziwa, adhana ya magharibi ikishindana na spika ya muuza sumu ya panya, na kila mtu alikuwa na haraka ya kufika kwake. Celestina hakuwa na haraka. Alikuwa amechoka tu. Na si ule uchovu wa siku moja unaokwisha kwa usingizi. Ni uchovu wa mtu aliyesubiri muda mrefu mpaka kusubiri kukawa ndiyo kazi yake hasa, na hizi nyingine zote anafanya kwa mkono wa kushoto.

Riziki yake ilikuwa fremu, tena kwa maana zote. Alipanga fremu, chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye pazia jeupe huku nyuma na stuli ya kupigia picha za pasipoti. Na humo ndani alitengeneza fremu za aina nyingine, zile kingo ambazo watu huzungushia picha zao kabla ya kuzirusha kwenye status na kwenye makundi ya ukoo. Mhitimu alimwekea rangi ya dhahabu. Binti wa sendoff alipata maua, na mtoto wa komunyo alipata nyeupe yenye njiwa pembeni. Nyeusi ilikuwa ya wale wengine. Mtu akiona weusi kwenye pembe za picha hangoji kusoma jina, mkono unakwenda kifuani wenyewe.

Mzee Machibya ndiye aliyewafundisha watu wa Kirumba jambo hilo. Alikuja na suti yake mpya akataka ukingo mweusi, eti unakaa vizuri na koti. Celestina alimkanya, mzee akamwambia asimfundishe kupendeza. Picha ilipofika Magu, shangazi yake aliangua kilio, majirani wakafunga turubai, ng'ombe akachinjwa. Machibya alifika kwenye msiba wake mwenyewe kwa bodaboda, akapiga kelele, kisha akala nyama. Mpaka leo anaitwa Marehemu, na anaitika.

Celestina alicheka sana siku ile. Renatus alikuwa bado yupo wa kucheka naye.

Renatus, mumewe, alikuwa fundi wa injini za mitumbwi. Mwaka juzi aliitwa kisiwani Kome kutengeneza injini ya mtu, na wakati wa kurudi upepo ukawapindua. Wenzake waliokotwa, wengine wazima, wengine la. Yeye hakuokotwa. Wapiga mbizi walitafuta, wavuvi wakatafuta, baadaye wakatafuta kwa maneno tu. Celestina hakutafuta. Alisubiri. Kila usiku, nyumbani kwake Nyamanoro, alirudishia mlango bila kuweka komeo, ili mwenyewe akija asikute pamefungwa.

Simu iliita. Alikuwa Jovinary, mdogo wake Renatus, kutoka Kamachumu.

"Shemeji, ile picha?"

"Naifanya."

"Ulisema hivyo Jumapili."

"Mama hajambo?"

"Mama hali, shemeji. Anasema hawezi kumeza chakula wakati mwanawe analala kwenye maji." Jovinary akavuta pumzi. "Mgomba tumeshauchagua. Keshokutwa tunauviringisha shuka, tunauzika badala ya mwili wake, katekista atasali. Lakini tangazo lazima litoke kesho jioni, na picha ni hiyo uliyonayo wewe. Zungushia weusi, utume. Tumalize. Tumechoka wote."

"Kesho nitatuma."

"Sisi hatumuui, shemeji. Tunampa mahali pa kulala."

Akakata. Celestina akabaki anaitazama picha. Aliipiga mwenyewe, upande wa Kamanga, siku walipovuka kwenda harusini. Renatus amesimama kwenye gati, ziwa nyuma yake, shati lina doa la oili ambalo hakuna sabuni iliyoliweza. Anamcheka mpiga picha. Kuna programu inayoweka ukingo pande zote nne kwa kubofya mara moja tu. Celestina alipeleka kidole, kidole kikakataa.

Ndipo harufu ilipoingia.

Haikuwa ya dagaa, hiyo Kirumba haihesabiki kuwa harufu. Hii ilikuwa ya tope. Tope la chini kabisa, lile linalopanda na nanga.

Mlangoni alikuwa amesimama bibi mmoja mwembamba, kilemba cha kijani kichwani. Kitenge chake kilikuwa kimegandia miguuni kwa maji. Na mvua Mwanza ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

"Shikamoo, bibi," alisema Celestina.

Bibi hakuitika.

Mtu mzima anaweza kuacha kusikia mengi, lakini shikamoo haiachi. Ataiitikia akiwa na hasira, ataiitikia mdomo umejaa ugali, ataiitikia akiwa hoi kitandani. Bibi huyu aliiacha ikaning'inia pale mlangoni, akapita chini yake, akakaa kwenye stuli.

"Nataka fremu," alisema taratibu.

"Kama ni ya kupanga, bibi, hapa zimejaa. Labda umwone mwenye nyumba, Mzee Luhende."

"Luhende bado anakula?"

Swali hilo lilikuwa la ajabu, lakini Celestina alikuwa amechoka mno kushangaa. "Yupo, anakula."

"Haya. Nipe ya picha."

Akatoa kipande cha nailoni kilichofungwa kwa uzi wa nyavu. Ndani yake mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, ya baridi, yenye utelezi. Celestina aliifuta kwa kanga yake, akaichomeka. Ilikuwa na picha moja tu.

Maji. Maji ya kijivu mpaka mwisho wa macho, bila mtumbwi, bila kisiwa.

"Bibi, hii ni ziwa tu. Huna nyingine ambayo umo?"

"Nimo."

Celestina akatazama tena. Akaona maji. Akajiambia kuwa wazee wana mambo yao, na kwamba ubishi utamchelewesha. "Tukuwekee rangi gani?"

"Yoyote. Pande tatu. Chini uache."

"Fremu ina pande nne, bibi."

"Ya mlango ina ngapi?"

Celestina alicheka kidogo, kicheko cha kumalizia siku. Kweli, ya mlango ni juu, kushoto na kulia, chini mtu anapita. Akachora mistari mitatu myeupe kwa mkono, maana programu haina kitu cha namna hiyo. Picha ikakaa vibaya, kama nyumba ambayo fundi ameikimbia.

"Sasa iweke wanapopita watu wengi," bibi akanong'ona. "Peke yangu sina nguvu."

"Kwenye status ya duka?"

"Wanapopita watu."

Akaiweka. Bibi akainama kwenye kioo, maji yakamdondoka kwenye kidevu, tone... tone... Akaiona picha ya pili iliyokuwa wazi pembeni.

"Na huyu?"

"Mume wangu."

"Hujamfunga."

"Ni kesho," alisema Celestina.

Bibi akamsogelea sikio. Pumzi yake ilikuwa baridi.

"Mwekee kama yangu. Atatoka."

Celestina aligeuka kuichomoa kadi. Alipogeuka tena, stuli ilikuwa tupu. Ilikuwa imelowa, na tope jembamba lilikuwa linachuruzika kwenye mguu wake mmoja kuelekea kwenye pazia.

*

Asubuhi, Ng'washi alimkuta anafagia. Ng'washi ni fundi cherehani wa fremu ya jirani, Msukuma mwenye maneno mengi na moyo mzuri, na hana jambo asiloliona kwenye simu.

"Dada Celestina, kumbe siku hizi unauza na milango?"

"Milango gani?"

"Si ile uliyoweka jana. Mlango katikati ya maji. Nimemwonyesha mume wangu, baba Kija, akasema huo mlango umekosa kizingiti tu." Akacheka, kisha akaacha. "Ila yule mtu kule ndani ndiye amenitia baridi. Ni nani?"

"Hakuna mtu mle."

"Haya. Mimi macho yangu ni ya kushonea."

Celestina alifungua picha, akaikuza. Kweli, mbali kabisa kulikuwa na nukta ya kijani. Boya la nyavu, alijiambia. Akatazama waliopita kuitazama, akaona ni wengi kuliko picha yoyote aliyowahi kuweka, watu ambao hata hakujua wana namba ya duka. Akamweleza Ng'washi habari ya bibi aliyekataa shikamoo.

"Alivaaje?"

"Kitenge kimelowa. Kilemba cha kijani."

Ng'washi alikunja uso. Alifungua mdomo, akatazama upande wa nyumba ya Mzee Luhende, akaufunga.

"Nini?"

"Hakuna, dada. Nguo za watu zinanisubiri."

Mchana ile nukta ilikuwa kilemba. Alasiri ilikuwa na mabega. Kila Celestina alipoangalia, bibi alikuwa amesogea, na hakuna mara hata moja aliyomkamata akitembea. Jioni maji yalikuwa yanamfika kiunoni, na uso wake ulikuwa wazi kabisa. Alikuwa anatabasamu.

Angeifuta. Mimi ningeifuta, na wewe unayesoma ungeifuta, halafu ungevunja na simu. Lakini sisi hatujalala miaka miwili na mlango bila komeo. Celestina hakuona bibi anakuja. Aliona kwamba inawezekana kuja. Kwamba mtu aliye majini anaweza kutembea mpaka ukingoni, ikiwa kuna aliyemwachia nafasi chini.

Jovinary alipiga mara mbili. Hakupokea.

*

Magharibi ya siku ile umeme ulikatika. Celestina alishusha shata nusu, akakaa gizani na mwanga wa kompyuta, ambayo betri yake ilikuwa ya kubembeleza. Akafungua picha ya Renatus.

Akachora juu. Mweusi, mwembamba.

Akachora kushoto.

Akachora kulia.

Akaacha.

Tusimsingizie uchovu. Alijua anachofanya. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini akili ilikuwa shwari kama ya mtu anayefungulia kuku. Aliichukua picha ya mumewe ikiwa na pande tatu, akaiweka kwenye ukurasa wa duka, wanapopita watu wengi.

"Njoo basi, Renatus," alinong'ona. "Njoo, nimechoka."

Akakaza macho kwenye kioo.

Barabarani genereta la mtu liliwaka, likakohoa, likazima. Simu ilianza kuingiza pole. Pole dada. Pole mama. Bwana alitoa. Watu walikuwa wameona weusi, hawakuhesabu pande.

Kisha akaisikia harufu. Tope. Na ndani ya tope, oili ya injini.

Moyo ulimruka kwa furaha, hilo tuliseme lilivyo. Akatazama kioo. Renatus alikuwa amesogea. Gati halikuwepo tena, yalikuwepo maji tu, na yeye alikuwa ameyakanyaga na kuja mbele, mkubwa, mpaka kichwa chake kilikuwa karibu kugusa mstari wa juu. Doa la oili lilikuwa pale pale. Lakini hakuwa anacheka.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Ng'washi.

"Dada pole sana. Kumbe umemtoa leo. Ila huyo bibi aliyemshika Renatus shati nyuma ni nani?"

Celestina alirudisha macho kwenye kioo, polepole, kwa sababu kuna vitu mwili hautaki kuviona kwa haraka.

Kilemba cha kijani kilikuwa nyuma ya bega la Renatus.

Mkono mwembamba ulikuwa umekamata ukosi wa shati lake. Haukuwa unamvuta kurudi. Ulikuwa unamsukuma. Unamsukuma mbele, kama mtu anavyomtanguliza mwenzake kwenye nyumba asiyoijua.

Na Renatus... Renatus alikuwa ameshika mstari wa kushoto kwa mkono mmoja na wa kulia kwa mkono mwingine. Mistari ilikuwa imepinda. Ile mistari aliyoichora mwenyewe, imenyooka, ilikuwa imepinda kwenye vidole vya mumewe kama fito mbichi.

"Anataka kutoka," alinong'ona Celestina. "Anajivuta atoke."

Spika za kompyuta ile zilikufa zamani. Hata hivyo sauti ilitoka.

"Koku..."

Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Kwao yeye ni Kokulinda, kanisani na mjini ni Celestina. Koku lilikuwa la chumbani, la mtu mmoja.

"Nipo! Renatus, nipo!"

"Koku... fung..."

Maji yalimeza neno.

"Nini? Sema tena!"

"Fung...a... Koku..."

Betri ikalia. Mwanga wa kioo ukapungua.

Fungua, au funga? Celestina aliweka sikio kwenye kioo, kikamgusa kwa ubaridi. Neno lilikuja tena na maji yakalikata pale pale katikati, na tofauti yake yote ilikuwa ni sauti moja ndogo tu. Fungua, na mlango ulishakuwa wazi, sasa afungue nini? Funga, na je, mtu gani anatembea kutoka chini ya ziwa mpaka mlangoni kwake ili aombe afungiwe?

Akamtazama mikono.

Celestina alimjua mumewe. Alijua anavyosukuma kitu, bega likitangulia, na anavyovuta kitu, akiegemea nyuma. Mwanaume aliyekuwa mle hakuwa anavuta wala hakuwa anasukuma. Alikuwa ametanua mikono na kukaza miguu, kama alivyosimama mlangoni kwao usiku wezi walipovamia mtaa, Celestina akiwa nyuma yake na panga lisilo na mpini.

Hakuwa anatoka. Alikuwa ameziba.

Machoni mwake, yale macho ya kwenye gati, mlikuwa na uchovu mkubwa kuliko wa Celestina. Alikuwa anasukumwa, na vidole vilikuwa vinaanza kuteleza.

"Funga, Koku."

Safari hii alisikia neno zima.

"Sitaki," alisema, akilia kama mtoto. "Renatus, sitaki." Na huku anasema hataki, mkono wake ulikuwa umeshashika kalamu ya kompyuta, ukaanzia pembe ya kushoto chini, ukapita miguuni mwa mumewe, taratibu, bila kutetemeka, mpaka pembe ya kulia.

Mstari ukakamilika.

Akaitoa ile ya pande tatu kwenye ukurasa, akaweka hii. Akamtumia na Jovinary. Betri bado ilikuwa inalia.

Kwenye picha Renatus alikuwa amerudi kwenye gati, nyuma yake ziwa, anamcheka mpiga picha. Kilemba cha kijani hakikuwepo. Jovinary akajibu haraka, kama aliyekuwa ameshika simu mkononi tangu jana: "Asante shemeji. Mama ameiona. Ameomba uji."

Celestina aliweka kichwa mezani. Alilia kilio ambacho kilikuwa kimechelewa miaka miwili, na katikati ya kilio akahisi kitu ambacho alikuwa amekisahau ladha yake. Usingizi. Usingizi wa kawaida wa mtu aliyefunga mlango wake.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba milango ilikuwa miwili.

Ile picha ya bibi. Tangu jana ilikuwa pale kwenye status ya duka, pande tatu, wazi chini, na Kirumba nzima imepita ikiitazama. Yule bibi hakuwahi kuhitaji mlango wa Renatus. Alimshughulisha Celestina kwenye mlango mmoja ili asiutazame wa pili.

Akaifungua kwa vidole vya baridi.

Maji. Maji ya kijivu mpaka mwisho wa macho. Hakukuwa na kilemba. Chini kabisa, pale palipokosa mstari, maji yalikuwa yametibuka tope.

Alichora mstari wa nne hata hivyo. Kompyuta ikazima.

Gizani, nyuma ya pazia jeupe, kitu kilidondoka.

Tone.

Tone...

Stuli ikalia, vile inavyolia mtu akikaa.

Celestina hakupiga kelele. Mtu akiogopa sana hurudi kwenye malezi yake, na yeye kwao Kamachumu alilelewa vizuri. Midomo ikafunguka yenyewe, ikasema neno ambalo mtoto yeyote hulisema anapomkuta mkubwa amekaa.

"Shi... shikamoo."

Na sasa ikaitikiwa.

"Marahaba, mwanangu. Hata ya jana nilisikia."

*

Mgomba ulizikwa Kamachumu, umeviringishwa shuka jeupe, na picha yenye ukingo mweusi ikasimamishwa juu ya kaburi. Mama mkwe alikula. Alimshika Celestina mikono yote miwili akamwambia, "Umenirudishia mwanangu," na Celestina hakumsahihisha. Aliporudi Nyamanoro aliweka komeo kwa mara ya kwanza, akalala mpaka jua likamkuta.

Lakini duka hakuliweza tena. Alirudi mchana wa jua kali kutoa vitu vyake, Ng'washi akamsindikiza, na humo humo kwenye kufunga mafurushi Ng'washi akayatoa yaliyokuwa yamemkaa kooni.

"Zamani hapa hapakuwa na fremu, dada. Palikuwa na kibanda cha bibi mmoja mjane. Luhende alikitaka kiwanja, akamtoa. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nilimwona na macho haya anatelemka kwenda Mwaloni na mzigo wake kichwani. Kilemba cha kijani. Watu walijua anakwenda wapi. Hakuna aliyemfuata."

"Na Mzee Luhende anasemaje?"

"Hilo Luhende hasemi. Toka juzi amelala tu, anawaambia wanawe wafunge bomba. Bomba limefungwa."

Celestina alivuta kompyuta yake kifuani. Pazia hakulitoa, wala stuli. Alimwachia anayevitaka.

Wakiwa wanatoka, msichana mmoja mwenye sanduku la vipodozi alisimama nje, akachungulia ndani, akapapenda. Jua lilikuwa linawaka. Kirumba ilikuwa na kelele zake za kila siku.

"Dada, samahani," alisema. "Hii fremu ina mtu?"

Celestina alimtazama Ng'washi. Alifikiria la kumwambia binti wa watu, ambalo halitamfanya aonekane kichaa, na hakulipata. Akafungua mdomo aseme tu kwamba haina.

"Ina," ilijibu sauti ya kizee, kwa upole, kutoka nyuma ya pazia.

"Aa, basi samahani," msichana alisema, akainama kidogo kwa heshima kuelekea gizani. "Shikamoo, bibi."